Gari la Mbali Halisimami Mbaruk

Kutoka mtaa wa Rhonda kwenda Nairobi ni kazi ndogo. Unaingia mjini Nakuru, unafika steji, unapata matatu ya Sacco, unaonyeshwa kiti, unafunga mkanda. Kilomita 160 hivi baadaye umeshuka karibu na River Road na umeanza kukumbatia mfuko wako. Sasa jaribu kutoka Elementaita hadi Mbaruk. Vituo hivyo viwili viko kwenye barabara hiyohiyo kuu, na kati yao hakuna hata kilomita ishirini. Utasimama kando ya lami ukipunga mkono mpaka uchoke. Magari yaliyojaa yatakupita, yenye nafasi nayo yatakupita, na lile litakalosimama litakutoza nauli inayokaribia ya kukufikisha Nakuru.

Wageni huambiwa kwamba Kenya matatu zinafika kila mahali. Zinafika, hakuna ubishi. Swali la mtu wa vijiji vya katikati ni kama zitamshusha anakotaka, na kama zitamchukua tena.

Bonde la Ufa la kati ni nchi ya ufuo, ingawa hatuna mazoea ya kulisema hivyo. Tukitaja pwani tunafikiria Mombasa na Lamu, huku kati ya Naivasha na Baringo kuna maziwa matano yaliyopangana: Naivasha, Elementaita, Nakuru, Bogoria na Baringo. La kwanza na la mwisho yana maji matamu na samaki. Hayo matatu ya kati ni ya magadi, na UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Karibu kila ziwa lina vimji vyake. Naivasha ina Karagita, Kamere na Kongoni, Baringo ina Kampi ya Samaki, na juu ya Ziwa Elementaita kuna Kikopey. Mtu wa Rhonda ana jamaa katika nusu ya vimji hivyo. Dada anakata maua Naivasha, mjomba anafuga upande wa Marigat, shemeji anachoma nyama Kikopey. Kwa hiyo anayetaka kujua miji hii inaunganishwaje na aanzie Rhonda, kwa watu wanaosafiri kwa sababu wana mazishi Jumamosi.

Rhonda iko magharibi mwa Nakuru, jirani ya Kaptembwo na Ponda Mali, na upande mmoja imepakana na ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mtalii aliyelipa kiingilio na mpangaji aliyelipa kodi ya chumba kimoja wanaweza kumtazama nyati yuleyule, kila mmoja kwa upande wake wa waya. Nakuru ilipokabidhiwa hati ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ikawa ya nne baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, lakini Rhonda ilibaki na desturi yake: safari yoyote, hata ya kwenda kinyume cha mji, inaanza kwa kwenda tao. Unataka Njoro? Tao kwanza. Marigat? Tao. Hata London ni tao kwanza, maana Nakuru ina London yake upande wa Menengai, na mtu wa Rhonda anaweza kwenda London asubuhi na kurudi kabla ugali haujaiva.

Hatua hiyo ya kwanza ndiyo ghali kuliko zote ukiigawanya kwa kilomita. Siku ya kawaida noti ya 50 inatosha, na siku ya mvua makanga anaitazama noti hiyo kama umempa risiti ya zamani. Ni vikilomita vichache tu. Ukichukua kiasi unacholipa kwa kila kilomita kutoka Rhonda hadi mjini, ukakitumia kuhesabu safari ya Nairobi, utapata nauli ambayo hakuna abiria angeikubali. Hakuna anayelalamika sana kwa sababu hakuna anayepiga hesabu hiyo. Noti ni ndogo, na ukikosa gari kuna tuktuk, kuna boda boda, kuna miguu yako.

Ili kuelewa kwa nini Mbaruk inarukwa, ingia kidogo katika kichwa cha dereva. Mwenye gari anamkabidhi gari alfajiri, na jioni anataka hesabu yake, iwe kulikuwa na abiria au hakukuwa. Juu ya hapo kuna mafuta, kuna ada ya Sacco, kuna ya steji, kuna vijana wa kuita abiria, na kuna ile ya kando ya barabara isiyoandikiwa risiti. Kinachobaki ndicho anachogawana na makanga. Mafuta yenyewe bei yake hutangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati, tarehe 14 ya kila mwezi, na wenye matatu huisikiliza kwa makini kuliko utabiri wa hali ya hewa. Mwaka 2023, baada ya ushuru wa VAT kwa mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, lita ya petroli ilivuka shilingi 200. Nauli zikapanda. Petroli iliposhuka baadaye, nauli hazikuwa na haraka ya kuifuata.

Katika hali hiyo gari haliondoki kwa saa. Linaondoka likijaa. Ubao wa saa za kuondoka ungekuwa mapambo tu. Abiria wa kwanza kuingia ndiye anayesubiri zaidi, wa mwisho ndiye mwenye bahati, na kila mtu anataka awe wa mwisho. Hapo ndipo huja ule ujanja wa steji ambao kila Mkenya anaujua: vijana wanaolipwa hela kidogo kukaa ndani ya gari wakijifanya abiria. Unaliona gari limebakiza viti viwili, unakimbia, unaketi na kushusha pumzi. Mara mmoja anashuka kununua maji, mwingine anakumbuka simu, na ghafla umebaki na mama mwenye kuku na nafasi tisa.

Gari likishajaa hadi Nairobi au Naivasha, dereva ameshapata alichokitaka. Kila anaposimama njiani anapoteza dakika, na dakika zikijumlishwa ni safari moja pungufu kwa siku. Abiria wa Mbaruk akishuka, kiti chake huenda kikaendelea kitupu hadi Gilgil. Ndiyo maana unaambiwa ulipe nauli ya mbali hata kama unashuka karibu. Na ukiwa umesimama Mbaruk ukingoja, gari lililojaa halina sababu ya kukujali, na lenye nafasi linapiga mbio kuwahi abiria wa nauli nzima walioko mbele.

Kuna tukio jingine ambalo mtu wa vituo vya katikati hulijua vizuri: kuuzwa. Gari limebakiza abiria watano, makanga anaona mafuta hayatarudi, anasimamisha gari jingine la njia hiyo, wanajadiliana kidogo kando, pesa zinabadilisha mikono, na nyinyi mnaambiwa, "Ingieni hii ingine, mshalipiwa." Hujaulizwa. Mzigo wako unahamishwa, na ukihoji unaitwa "mathe" au "buda" kwa sauti ya upole inayomaanisha mazungumzo yamekwisha.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, kwa sababu vimji hivi vyenyewe vilizaliwa na kitu kilichosimama. Reli ya Uganda ilifika Nakuru mwaka 1900 na kugusa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, Desemba 1901. Injini za mvuke zilihitaji maji na kuni, na njia moja ya reli ilihitaji mahali pa treni kupishana. Naivasha, Gilgil, Elementaita, Mbaruk, Lanet, Nakuru, Njoro, Elburgon, Molo: ukiyasoma majina hayo kwa mpangilio unasoma orodha ya vituo vya reli ya zamani. Duka la Mhindi lilifuata kituo, soko likafuata duka, kanisa likafuata soko. Treni ya abiria ya kila kituo ilipokonda na hatimaye kukoma kwa miaka mingi, vimji vikabaki palepale vikingoja usafiri ambao haukuwa na sababu ya kusimama. Safari za treni ya abiria kati ya Nairobi na Kisumu zilirudishwa mwishoni mwa 2021, lakini hakuna anayeitegemea treni kwenda sokoni Gilgil.

Matatu zilijaza pengo hilo kwa namna yake. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu zibebe abiria bila leseni zile zilizodaiwa kwa mabasi, na kwa miaka thelathini iliyofuata zilibeba watu jinsi gunia linavyobeba viazi. Nani asiyekumbuka? Mmoja ameinama, mwingine amening'inia mlangoni, mtoto wa mtu usiyemjua yuko mapajani mwako. Kisha akaja waziri wa uchukuzi, John Michuki. Kanuni zake zilianza kutumika Februari 2004: mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa na kidhibiti kifungwe, mikanda katika kila kiti, mstari wa manjano ubavuni, sare kwa dereva na makanga, abiria 14 na hakuna kusimama. Watu waligoma, wakatembea kwa miguu siku kadhaa, na baadaye wakamsifu. Namsifu pia. Lakini sijaona watu wakizungumzia athari moja ya kanuni zile kwa miji midogo. Zamani abiria wa Elementaita kwenda Mbaruk alikuwa faida tupu kwa makanga, kwa sababu alisimama. Hakumnyang'anya mtu kiti. Baada ya 2004 alianza kula kiti cha mtu wa Nakuru. Usalama ulipatikana, na gharama yake ilimwangukia yeye zaidi kuliko wa mjini. Kwenye njia za ndani, mbali na vizuizi vya polisi, kibao bado huwekwa kati ya viti viwili ili mtu wa ziada aketi, na wanaoketi hapo mara nyingi ni hao hao wa safari fupi.

Sacco nazo zilikuja kwa amri ya serikali mwishoni mwa 2010: hakuna tena gari la abiria la mtu binafsi lisilo na chama au kampuni. Zilileta nidhamu ya foleni na mahali pa kupeleka malalamiko. Zilileta pia mipaka. Gari la Sacco ya Nakuru hadi Nairobi likiokota abiria wa Gilgil linaingia shamba la Sacco ya Gilgil, na vijana wa steji ya Gilgil hawachekeshwi na jambo hilo. Halafu Machi 2020 ikaja korona, gari la watu 14 likaruhusiwa kubeba 8, nauli zikaruka. Masharti yalipoondolewa mwaka uliofuata, viti vilirudi vyote, nauli zikarudi nusu nusu.

Kenya, tofauti na Tanzania, serikali haipangi nauli ya matatu. Kwa jirani, mamlaka ya usafiri, LATRA, hutangaza nauli za daladala na za mabasi ya mikoani, na abiria anaweza kumkazia macho kondakta akiwa na sheria nyuma yake. Huku mamlaka yetu, NTSA, hutoa leseni na kukamata, ila bei ni ya Sacco, mvua, sikukuu na siku ya kufungua shule.

Lakini kuna vituo viwili vitatu vya katikati vilivyoshinda. Kikopey ndicho mfano mzuri. Kwa hesabu ya dereva, Kikopey hakina sababu ya kusimamiwa kuliko Elementaita. Ila kina nyama. Mbuzi wamening'inizwa, moshi unavuka barabara, na madereva wenyewe wana njaa. Magari ya kibinafsi husimama, malori husimama, na matatu inayosimama ili dereva ale huacha na kuchukua abiria vilevile. Mtu wa kando kando ya Ziwa Elementaita anayejua mambo hupanda boda boda hadi Kikopey na kungojea hapo, karibu na meza ya dereva. Kariandusi, umbali mdogo tu kutoka hapo, Louis Leakey alifukua shoka za mawe zenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka, na makumbusho yapo. Ukitaka kushuka hapo sema mapema na useme kwa sauti, maana shoka za mawe hazimfanyi dereva ahisi njaa.

Gilgil haina shida hiyo. Gilgil ni mwisho wa njia kwa magari yake, ina kambi za jeshi, na ndiko njia ya Ol Kalou na Nyahururu inakochipuka. Gari la Gilgil linamtafuta mtu wa Gilgil. Vivyo hivyo Naivasha. Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu: je, mji wako ni mahali gari linapoishia, au mahali gari linapopita?

Kinachonifurahisha mimi ni barabara ya kusini mwa Ziwa Naivasha, ile ya Moi South Lake. Inatoka karibu na mji, inafuata ufuo kupitia Karagita, Kwa Muhia na Kamere, inapita njia ya Hell's Gate na Elsamere ambako mwandishi Joy Adamson aliishi, na kuendelea hadi Kongoni. Kulia na kushoto ni mashamba ya maua, mabanda ya plastiki yanayong'aa, na kati yake makazi ya wafanyakazi. Hapa matatu zinafanya kinyume kabisa cha zile za barabara kuu. Zinasimama kila mahali. Zinasimama langoni mwa shamba, penye zahanati, penye mti mkubwa, penye mtu aliyeinua kidole akiwa bado anafunga mlango wa nyumba. Makanga anagonga bodi mara mbili, gari linaenda hatua mia, anagonga tena.

Sababu ni hesabu ileile, ila imegeuzwa. Kwenye njia hii fupi yenye watu wengi, kiti kimoja huuzwa mara kadhaa kabla gari halijafika mwisho. Mama wa Karagita anashuka, kijana wa zamu ya mchana anapanda. Yeye akishuka kwenye lango la shamba, mvuvi anaingia na ndoo yake inayonuka. Kusimama hapa ndiyo biashara. Februari, wiki zinazotangulia siku ya wapendanao, mashamba yakifanya kazi usiku na mchana ili waridi zifike Ulaya kwa wakati, matatu za Kamere hazijui kulala. Ajabu ni kwamba anayefanya kazi huku akiwa na nyumba Rhonda anaweza kutumia muda mwingi kusubiri Naivasha mjini na tao Nakuru kuliko muda wote anaokuwa barabarani.

Visiwa vya Karibi navyo vinajua mambo haya, na kimoja kimejibu kwa njia ambayo ningetaka wakubwa wetu waitazame. Barbados ina vigari vyake vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee, vinavyoitwa ZR kwa herufi zilizo kwenye nambari zao. Vina muziki wa kupasua masikio, vina makanga wa kuning'inia mlangoni; Mkenya akipanda atajihisi yuko nyumbani. Lakini nauli ni moja. Tangu 2019 ni dola 3.50 za huko, uwe unashuka kituo kinachofuata au unavuka kisiwa. Mtu wa kijiji cha mbali hapati adhabu kwa kuishi mbali. Ni kisiwa kidogo, najua, urefu wake ni kama nusu ya safari ya Nakuru hadi Naivasha, na mtu wa safari fupi ndiye anayemlipia wa safari ndefu. Hata hivyo ni uamuzi uliofanywa na watu waliokaa mezani. Kwetu uamuzi kuhusu mtu wa Mbaruk hufanywa na dereva akiwa kwenye mwendo wa kilomita 80, tuseme.

Kuna jambo zito katika kungoja huku kando ya barabara. Tarehe 30 Juni 2023, jioni, katika makutano ya Londiani, lori liliacha njia likawavamia watu waliokuwa steji, wachuuzi wa kando ya barabara na magari yaliyokuwa yamesimama. Watu 52 walikufa. Wengi wao hawakuwa kwenye mwendo wowote. Walikuwa wakiuza au wakingoja. Tukizungumzia ajali za barabara za upande huu tunataja Salgaa na Sachangwan, tunakumbuka basi na lori la Migaa alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 na watu 36 waliopotea, na ni haki kukumbuka. Lakini Londiani iliua watu ambao kosa lao lilikuwa kusimama mahali ambapo gari hupita. Katika vimji vingi vya barabara kuu, steji ni bega la lami. Hakuna kibanda, hakuna nafasi ya gari kuingia kando. Soko limesogea hadi hapo kwa sababu wateja wako hapo, na wateja wako hapo kwa sababu gari, likisimama, litasimama hapo.

Sasa barabara kuu inapanuliwa. Mkataba wa kwanza, uliotiwa saini 2020 na kundi la kampuni za Ufaransa, ulivunjwa, na Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua kazi upya Rironi kwa ubia wa kampuni za China na hazina ya NSSF: kilomita 175 kutoka Rironi kupitia Naivasha na Nakuru hadi Mau Summit, pamoja na ile njia ya Mai Mahiu. Watumiaji watalipa ada. Sina ugomvi na lami pana. Aliyewahi kukaa nyuma ya lori la mafuta kutoka Gilgil hadi Naivasha anaijua thamani yake. Ila barabara ya kulipia hujengwa kwa ajili ya anayetoka mwanzo kwenda mwisho. Dereva aliyelipa ili aende haraka ataona uchungu maradufu kusimama, na mahali pa kuingilia na kutokea patakuwa pachache. Ningetaka kuona kwenye michoro hiyo njia za pembeni zilizo na steji halisi Mbaruk, Elementaita na Kikopey, zenye nafasi ya gari kujitenga na lori. Na ningetaka kuziona kabla wachuuzi hawajaambiwa kuvunja vibanda, maana desturi yetu ni kuvunja kwanza.

Upande wa kaskazini mambo ni mengine. Njia ya Marigat inatoka Nakuru kupitia Kampi ya Moto, inaingia kwenye mkonge wa Mogotio, inavuka ikweta, na joto linapanda kila kilomita kama mtu anayewasha jiko. Malori ni machache hapa, watu wanajuana, na dereva huitwa kwa jina. Gari la Marigat linabeba mzigo ambao la Nairobi lingeukataa: vifaranga, mabati, mtungi wa gesi, na barua ya shule ambayo mtu ataipokea njiani bila gari kuzimwa. Anayekwenda Ziwa Bogoria anashuka kwenye njia panda ya Loboi kabla ya Marigat na kujadiliana na boda boda, na bora ajadiliane kabla hajakaa.

Marigat ni mji wa asali, tikitimaji na mbuzi. Skimu ya Perkerra iliyo pembeni yake ilianzishwa mwaka 1954 kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau, na hadi leo maji yake ndiyo yanayoupa mji rangi ya kijani. Hapa matatu kubwa huishia, au hugeukia Kabarnet. Kilomita ishirini za mwisho hadi Kampi ya Samaki huwa za Probox, lile gari dogo lililotengenezwa kwa watu watano na linalobeba tisa, wawili wakiwa kwenye buti wakitazama tulikotoka. Nyakati ambapo wezi wa mifugo wamevuruga Baringo, hata Probox hupungua. Februari 2023 serikali ilipeleka jeshi katika kaunti sita za Kaskazini mwa Bonde la Ufa, Baringo ikiwemo, na kwa siku hizo nauli ilikuwa bei ya ujasiri wa dereva.

Na huko Kampi ya Samaki barabara inaisha ndani ya maji. Nasema hivyo bila mafumbo. Maziwa ya bonde hili yamekuwa yakipanda tangu yapata 2010, mvua zikizidi, mito ikishusha tope, na wataalamu wakitaja pia mienendo ya ardhi chini yake. Ziwa Nakuru lilimeza lango kuu la mbuga na nyumba za majirani zetu wa Barut na Mwariki. Kihoto, Naivasha, ilijaa maji 2020 na tena 2025, na watu wakaondolewa kwa mashua katika mitaa waliyozoea kuingia kwa boda boda. Baringo limemeza hoteli, kambi, madarasa na vipande vya barabara. Gati ya mashua huhama kila ziwa linapohama, na boda boda huifuata.

Waichamus wa visiwani, hasa Ol Kokwe, kisiwa kikubwa chenye chemchemi za maji moto, huvuka kuja sokoni, shuleni na hospitalini. Wazee bado wanajua kutengeneza vile vyombo vya kukalia mtu mmoja kutokana na miti myepesi ya ziwani, lakini siku hizi wengi hupanda mashua ya injini. Ukiitazama kwa muda unagundua ni matatu: nahodha, kijana wa kukusanya nauli, mabishano kuhusu mbuzi kama ni abiria au mzigo. Mashua nayo haiondoki kwa saa. Mgonjwa akija, jamaa hukodi chombo kizima kwa pesa ambazo hawana.

Kuna abiria waliolivuka Ziwa Baringo bila masharti hayo. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 twiga tisa waliozingirwa na maji kwenye rasi iliyogeuka kisiwa walihamishwa hadi hifadhi ya Ruko kwa jahazi la chuma lililoundwa kwa kazi hiyo, safari baada ya safari, wamefunikwa macho, mashua zikisukuma taratibu. Picha zilizunguka dunia nzima. Jahazi liling'oa nanga kila lilipokuwa tayari, liwe limebeba twiga mmoja au zaidi. Wenyeji wa Ol Kokwe walisimama ufuoni wakitazama, kisha wakarudi kwenye mashua yao kungoja watu wanne waliosalia.